Ulinzi wa Kijiji: Somo kwa Wenye Nyumba

Mwezi huu nataka tujifunze habari ya watu wanaolinda vijiji vyetu usiku. Wengine huwaita sungusungu, wengine husema ulinzi shirikishi, na wazee wengine husema tu "vijana wa zamu". Jambo hili si geni katika Mbulu na Hanang. Nyumba nyingi zimekwisha kutoa kijana wa zamu, au fedha badala ya zamu, au lawama. Walakini nimeona kwamba twalijua kama mtu anavyoijua njia ya kisimani: miguu yaijua, lakini mgeni akimwuliza, hawezi kuieleza.

Nianze na habari iliyonipata mimi mwenyewe. Usiku mmoja wa masika, yapata saa nane, yowe lilipigwa katika kitongoji kilicho chini ya nyumba yangu. Mama mmoja mjane alikuwa ameibiwa maksai wawili, nao ndio waliomlimia shamba lake la mahindi na la vitunguu saumu. Nalilisikia yowe lile. Nalikaa kitandani nikasikiliza, nikasema moyoni, "Walinzi watakwenda." Maana mwezi ule nalikuwa nimelipa ada ya ulinzi ili nisiende zamu, nikaona deni langu limekwisha. Asubuhi nalimwendea mama yule kumpa pole. Alinipokea kwa heshima, akanipa kigoda, akasema, "Baba Mchungaji, walikuja watu wanne. Zamani yowe likilia, mlima mzima huwaka taa." Hakuniuliza nalikuwa wapi. Ingalikuwa heri angaliniuliza.

Siku zilizofuata naliwauliza majirani, kwa upole na bila kuwashitaki, kwa nini hawakutoka. Mmoja akasema, "Mara ile tulipotoka, mwizi alishikwa, akapigwa hata akakaribia kufa. Mimi sitaki damu mikononi mwangu." Wa pili akasema, "Fedha za ulinzi zinaliwa. Na waende hao wanaozila." Wa tatu, naye ni mshirika mwema asiyekosa ibada, akasema, "Wale maksai si wa ukoo wetu." Wengine walisema mengi, lakini nilipoyapima nikaona yote yarudi katika haya matatu. Basi somo letu litayafuata. Ila kwanza tukumbuke ulinzi huu umetoka wapi.

Wazee wa Wairaqw walijua kujilinda kabla ya kuwapo kituo cha polisi. Walichimba nyumba zao ndani ya kilima, na paa wakalifunika kwa udongo, hata adui aliyekuja kuteka ng'ombe aweza kupita juu yake asijue kwamba chini ya miguu yake mna watu na mifugo. Nyumba ya namna hiyo haifai kitu ikiwa jirani mmoja atafungua kinywa. Usalama wa mmoja ulikuwa katika kimya cha wote.

Jina la sungusungu limetoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Yapata mwaka 1981 na 1982, katika nchi ya Kahama na jirani zake, wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi. Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 ilikuwa imekwisha, silaha zikawa zimeenea mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo, maisha yalikuwa magumu, na polisi walikuwa wachache na mbali. Ndipo wanavijiji wakakusanyika, wakachagua viongozi, mtemi wa ulinzi na katibu na kamanda, wakachukua pinde na mishale, wakaitia nguvu tena desturi yao ya mwano, yaani yowe ambalo kila mtu mzima akilisikia hana ruhusa kulala. Sungusungu ni wale chungu weusi wanaouma. Mmoja wao ni mdudu tu, bali wakiwa kundi hata ndovu huwapisha. Serikali kwanza iliwatazama kwa mashaka, baadaye ikawasifu, na sheria ya mwaka 1989 ikawapa uwezo wa kukamata kama ule wa mgambo. Desturi hiyo ikaenea mikoani, nasi tukaipokea. Kisha, tangu mwaka 2006, Inspekta Jenerali Said Mwema alipoongoza Jeshi la Polisi, ilihubiriwa habari ya polisi jamii, kwamba askari na raia wafanye kazi bega kwa bega. Jirani zetu wa Kenya nao, katika mwaka 2013, walitwaa mpango wa Nyumba Kumi kwa kutazama mabalozi wetu wa nyumba kumi, ulioanzishwa zamani za TANU.

Wengine hudhani kwamba haya ni mambo ya nchi zisizo na fedha za kuajiri askari wa kutosha. Si hivyo tu. Uingereza, katika mwaka 1285, Mfalme Edward wa Kwanza alitoa sheria katika mji wa Winchester, kwamba yowe likipigwa kila mtu amfuate mwizi, na miji iweke zamu ya usiku, na wenyeji wa wilaya wasipomtoa mnyang'anyi walipe wenyewe hasara. Nchi ile ilikaa karne nyingi kwa namna hii kabla ya mji wa London kupata polisi wake katika mwaka 1829. Basi tusione haya kwa mwano.

Sasa tulitazame jibu la kwanza, la damu. Ndugu yule alisema kweli. Hakuna haja ya kulifunika: katika nchi yetu watu wamepigwa, wengine wameuawa kwa mawe na moto, na baadhi yao hawakuwa wezi. Kwa hiyo yatupasa kujua mlinzi amepewa nini na hakupewa nini. Sheria ya nchi yampa hata raia wa kawaida ruhusa ya kumkamata mtu atendaye kosa kubwa mbele ya macho yake. Lakini yamwagiza amkabidhi kwa polisi pasipo kukawia. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yakataza mtu kuhesabiwa mkosaji kabla ya kuthibitishwa, tena yakataza mateso na adhabu za kumdhalilisha mtu. Basi mlinzi ana mkono wa kushika na mguu wa kupeleka. Kiti cha hakimu hakupewa. Hana haki ya kuhukumu, wala kupiga, wala kumfukuza mtu kijijini, wala kumtoza faini kwa kichwa chake mwenyewe.

Hapo watu husema, "Mchungaji, tukimpeleka polisi, kesho kutwa twamwona sokoni." Nimelisikia neno hili mara nyingi, nami nataka tulijibu kwa akili. Kwanza, mtu aliyetoka kwa dhamana hajaachiliwa. Kesi yake ingalipo. Pili, tujiulize kesi huanguka kwa nini. Mara nyingi huanguka kwa sababu yetu. Siku ya kumkamata mwizi tulikuwa mia, siku ya ushahidi hakuna hata watatu, maana ni msimu wa palizi na nauli ni kubwa. Au mwenye ng'ombe aulizwa, "Ng'ombe wako ana alama gani?" naye ajibu, "Ni mwekundu." Wekundu ni wengi! Mahakama hutaka mwenye mali aeleze alama zake kabla hajaonyeshwa mali yenyewe: sikio lililokatwa, kovu la nira, pembe iliyopinda. Au mwizi amepigwa hata akaungama, na maungamo yaliyotolewa kwa kipigo hayana uzito mbele ya hakimu. Tena aliyepigwa aweza kuwashitaki waliompiga, na yule aliyeibiwa akajikuta yeye ndiye mshitakiwa. Fikirini vema jambo hili: kipigo kile tunachodhani ni adhabu ya mwizi, mara nyingi ndicho kinachomwokoa.

Na kuna jambo jingine ambalo ndugu yangu hakulifikiri. Yeye ni mtu mpole, akakaa nyumbani kwa ajili ya upole wake. Wapole wote wakikaa nyumbani, nani watakaotoka? Watatoka wenye hasira, na walevi waliokuwa bado macho, na vijana wasiojua mwisho wa jambo. Mwizi akishikwa na watu wa namna hiyo, damu itamwagika, na mtu mpole ataisikia habari yake asubuhi akatikisa kichwa. Kama wangalikuwapo wazee watano wa kusema, "Mfungeni, mtieni kivulini, mpeni maji, mwiteni mtendaji," asingalikufa. Torati yatukataza kuufuata mkutano katika kutenda uovu (Kutoka 23:2). Nilipokuwa kijana nalidhani maana yake ni kukaa mbali na mkutano. Sasa naona kwamba yuko mtu apaswaye kusimama katikati ya mkutano ule ule na kukataa.

Neno moja tu juu ya uchawi, maana limewahi kuharibu kundi zima la walinzi. Usukumani, mahali pengine, sungusungu waliacha ng'ombe wakaanza kuwinda wachawi, na akina bibi walioingiwa na wekundu machoni kwa moshi wa jiko miaka hamsini wakateswa kwa wekundu huo. Mlinzi akianza kutafuta asichoweza kukionyesha kwa mkono, na avuliwe kazi siku hiyo hiyo.

Jibu la pili ni la fedha. Hapa sitakuwa mrefu, kwa sababu dawa yake yajulikana, nasi twajua tu kutoinywa. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkuu kijijini si mwenyekiti wala mtendaji. Ni mkutano wa kijiji, yaani watu wazima wote wa miaka 18 na kuzidi. Mkutano huo hupaswa kukutana kila miezi mitatu. Chini yake iko halmashauri ya kijiji, na ndani ya halmashauri iko kamati ya ulinzi na usalama. Mchango wa ulinzi uliokubaliwa na mkutano una haki ya kukusanywa. Uliokubaliwa na watu watatu chini ya mti hauna. Kila mchango uwe na stakabadhi. Tena mapato na matumizi yasomwe kwa sauti, betri za tochi ngapi, nauli ya kupeleka mshitakiwa kiasi gani. Mimi nimehudhuria mikutano ambayo tulikaa saa nne tukizungumza mambo ya mbali, na hesabu ya ulinzi haikusomwa kwa sababu hakuna aliyeiuliza. Wala tusimwachie balozi wa nyumba kumi peke yake kazi hii. Tangu vyama vingi viliporudi katika mwaka 1992, balozi ni mtu wa chama chake, bali ulinzi ni wa kila mtu, mwenye kadi na asiye na kadi.

Na hapa nirudi kwa kosa langu. Desturi ya kulipa badala ya kwenda zamu yaonekana kuwa ya haki, maana mwalimu, mganga na mchungaji wana kazi zao. Lakini tazama inazaa nini. Wenye fedha hulala. Wasio na fedha hukesha. Baada ya miezi michache zamu nzima ni ya vijana maskini, wenye njaa, walinda mali ya watu ambao hawajapata kusimama nao hata saa moja katika baridi ya Julai. Kijana huyo akimsimamisha mpita njia na kumwomba "chai", twapiga kelele kwamba walinzi ni wezi. Yohana Mbatizaji aliwaonya askari wasimdhulumu mtu (Luka 3:14), na neno lile lawahusu vijana wetu kweli. Lakini mtu aliyemweka mlinzi na njaa usiku kucha, kisha akashangaa, naye ana neno la kujibu.

Sasa jibu la tatu, ambalo naliona kuwa zito kuliko yote: "Si wa ukoo wetu."

Nchi yetu hii ni ya ajabu. Sijui kama kuna nchi nyingine Afrika ambako katika mwendo wa siku chache mtu asikia lugha za jamii nne zisizohusiana: Kiiraqw, Kidatoga, Kihadza, na lugha za Kibantu kama Kinyaturu na Kinyiramba. Ng'ombe wa Mwiraqw akipotea, husema, "Ni Wabarabaig." Ng'ombe wa Mbarabaig akipotea, husema, "Ni Wairaqw." Na mwizi, ambaye mara nyingi ana rafiki katika kila kabila, hufurahi sana, maana hao wawili wanapogombana mpakani yeye amekwisha kufika mnadani.

Tena tuseme wazi kwa nini neno "walinzi" halipendezi masikioni mwa Wadatoga wa Hanang. Katika miaka ya 1970 na 1980 uwanda wa Basotu, uliokuwa malisho yao bora, ulifanywa mashamba makubwa ya ngano ya shirika la serikali, kwa msaada wa Canada. Wafugaji waliopita njia zao za zamani walikamatwa, wakatozwa faini, na wengine wakapigwa. Mzee wa namna hiyo akiambiwa leo, "Walinzi wa kijiji wanakuita," moyo wake wakumbuka nini? Basi kijiji kinachotaka ulinzi wa kweli hakina budi kuwa na Mdatoga ndani ya kamati yake, naye awe na sauti ya kukata shauri, asiwe wa kuitwa tu nyayo zinapoelekea kwake.

Maana ulinzi wa mifugo ni kazi ya nyayo. Usiku hakuna picha wala mashahidi. Kuna kwato katika udongo. Wanaofuata huzifuata hata mpaka wa kijiji, na hapo huwaita wenyeji wa kijiji cha pili wazione kwa macho yao na kuzipokea. Wasipozipokea, kazi yote imekufa. Kwa hiyo haifai kuanza kufahamiana siku ya msiba. Kamati za vijiji vinavyopakana zikutane wakati wa amani, zibadilishane namba za simu, zikubaliane mahali pa kukabidhiana nyayo. Na wenye ng'ombe tusidharau alama na usajili. Sheria ya mwaka 2010 ya kutambua na kusajili mifugo haikutungwa ili kutusumbua. Wala mtu asinunue ng'ombe asiye na barua. Anayenunua kwa bei ndogo pasipo kuuliza, kesho atapiga yowe mwenyewe.

Mtataka kujua habari za maksai wa mama yule. Mmoja alirudi. Huko bondeni mtoto mchungaji wa Kidatoga aliona maksai akiswagwa na mtu ambaye, kwa maneno ya mtoto, "hajui kuswaga". Akamwambia baba yake. Mzee yule akamzuia mnyama, mtu akakimbia, na siku ya tatu habari ikatufikia. Mzee hakumjua mama yule, wala hana ukoo naye. Nilipompelekea shukrani aliniuliza swali moja tu: kwa nini hakuna mtu wa kwetu aliyeshuka bondeni kuuliza? Maksai wa pili hajaonekana hata leo, na mwaka huu mama amelimiwa nusu ya shamba.

Jambo jingine tunalolisahau ni wanawake. Wadatoga wana baraza la wanawake ambalo huweza kumwita mwanamume aliyemkosea mwanamke na kumtoza faini ya ng'ombe, naye hulipa. Lakini katika kamati zetu za ulinzi wanawake ni wachache, au wamewekwa waandike majina. Ni nani huamka kwanza mtoto akilia usiku? Ni nani hukutana na wageni kisimani? Tena kuna yowe la mwanamke apigwaye ndani ya nyumba, ambalo zamu nyingi hulipita na kusema ni mambo ya mume na mke. Mlinzi anayelipita amekwisha kuchagua ni yowe la nani litakalosikiwa.

Na ulinzi si wa wezi peke yake. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, iliyokuwa Jumapili ya Kwanza ya Majilio, mvua ilibomoa sehemu ya mlima Hanang, na tope, magogo na mawe vikashuka juu ya Katesh na Gendabi na vitongoji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa, na nyumba nyingi zilizikwa. Askari na wasaidizi walikuja, twawashukuru. Lakini katika msiba wa namna hii saa ya kwanza ni ya jirani, mwenye jembe na mikono yake. Na jambo linalotakiwa saa hiyo ni lile lile la zamu: kujua katika kila nyumba wamelala wangapi, nani ni mzee asiyeweza kukimbia, nani ana mgeni. Orodha ya mwenyekiti wa kitongoji yaweza kuwa ya zamani. Aliyepita usiku wa jana mbele ya mlango ajua. Kwa hiyo nasema zamu ya usiku katika masika iwe na kazi ya kuitazama mito na miteremko pia, na mlio wake wa hatari uwe tofauti na ule wa wizi, watu wajue wakimbilie upande gani.

Viongozi wa sharika wameniuliza kanisa lifanye nini. Nadhani kanisa lisianzishe ulinzi wake. Kijiji kina kamati moja, na moja yatosha. Lakini mzee wa kanisa aweza kutangaza siku ya mkutano wa kijiji kama anavyotangaza siku ya mavuno. Aweza kuchangisha nauli ya mashahidi. Katika darasa la kipaimara tunawafundisha watoto kwamba amri ya saba haikatazi kuiba tu, bali yatuagiza pia kumsaidia jirani aitunze mali yake. Basi watoto hao wakiuliza baba zao walikuwa wapi usiku wa yowe, tuwe na jibu. Na mkutano utakapoitishwa, hesabu ya ulinzi isomwe kwanza, kabla ya mambo mengine yote, watu wangali na nguvu za kusikiliza.

Mimi nimemwomba kamanda aliondoe jina langu katika orodha ya walipao. Alicheka, kisha akaona sitanii, akaniandika usiku wa Jumanne, pamoja na fundi wa pikipiki na mzee mmoja asiyesikia vema kwa sikio la kushoto. Nimeambiwa nije na tochi yangu mwenyewe, na koti zito.